Moshi wa Bibi wa Juu

Bibi wa Juu hakuwahi kununua kiberiti. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, viberiti vilikuwa vimejaa tena madukani Kibiti, pamoja na sabuni za rangi, ndoo za plastiki na makoti ya mitumba, na watu wa kwetu walishuka kilima kwenda kuvitazama hata wasipokuwa na haja navyo. Yeye alisema moto wake ni ule ule aliokabidhiwa na mama mkwe wake siku alipoingia kwa mumewe, na kwamba tangu siku hiyo haujazimika. Hilo halikuwa kweli. Mara nyingi nilimwona akishuka kuja kwetu na kumbi la nazi mkononi, kuomba moto. Mama yangu alimwekea kaa la moto ndani ya kumbi, naye akaondoka akilipuliza, na kesho yake akarudia maneno yale yale. Mama akimkumbusha, alisema moto ulilala tu.

"Mtu akilala kwa jirani, ndiyo amekufa?" aliuliza.

Tulimwita Bibi wa Juu kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya mwisho, kule kileleni. Kilima chetu kiko nyuma ya Mtawanya, na watu wa bondeni hutucheka tukikiita mlima. Wazee wetu walitoka milima ya kusini, Umatumbini, na walipofika huku kwenye nchi tambarare walitafuta mahali popote palipoinuka kidogo, wakapanda. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya yake. Katikati kulikuwa na kibonde chenye migomba na kisima. Kutoka uani kwetu uliona paa lake la makuti, mfenesi wake mmoja na jiko lake la nje. Kwenda kwake ni kushuka, kunywa maji kisimani, na kupanda tena ukihema.

Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini aliniita mke mwenza, kama bibi wa kwetu anavyotaniana na mjukuu wa kike. Mumewe alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hilo halikumzuia. Alinisimulia habari za marehemu kana kwamba sote wawili tulimpikia. Mume wetu hakupenda pilipili. Mume wetu akilala alikoroma, wewe mke mwenza ulipataje usingizi? Nikienda kwake mikono mitupu, alisema mimi nimeolewa kwa raha tu, kazi yote ya kumfulia yule mzee ilimwangukia yeye. Mimi nilicheka nikiwa nimeinama.

Na nyani aliwaita mashemeji.

Alisema ni mashemeji kwa sababu wanakuja bila kualikwa, wanakula bila kunawa, na ukiwasema wanakugeuzia mgongo. Mpunga wa mlimani ulipoanza kutoa masuke, alihamia kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mtu akae humo kulinda shamba. Alikaa humo kuanzia alfajiri, amevaa koti zito la kiume la mitumba, lenye vifungo vya shaba, koti la watu wa nchi za theluji. Jua likipanda, jasho lilimtiririka usoni na koti halivuliwi. Alisema nyani wanaliogopa. Mimi naamini alilipenda tu. Mtu aliyesema vitu vya barabarani ni takataka alikuwa akilifuta lile koti vifungo kwa jivu, kimoja kimoja, mpaka vinang'aa.

Aliwapiga nyani kwa kombeo na kuwatukana kwa Kimatumbi, lugha aliyoiweka kwa ajili ya hasira na kwa ajili ya kubembeleza watoto. Alidai wanaijua Ijumaa, kwa sababu wanaume wakishuka msikitini wao wanapanda shambani. Lakini pembezoni mwa shamba lake, upande wa msituni, palikuwa na tuta refu la muhogo ambalo hakulilinda kamwe. Nilimwuliza Mama kwa nini. Mama akasema nimwulize mwenyewe. Nilipojikaza nikamwuliza, alisema lile ni la njiani, la mashemeji. Kijana mmoja wa bondeni aliwahi kumletea sumu ya kuwamaliza nyani wote, bure, kwa heshima tu. Bibi alimfukuza kwa fimbo mpaka kisimani. "Nikiwaua wote," alisema aliporudi, "nitagombana na nani?"

Sasa niseme habari ya kuitana.

Kwetu kilimani nyumba ziko mbalimbali. Asubuhi, baada ya sala, watu huitana. Aliye juu ndiye anayeanza, walio chini wanaitika, na hakuna anayeshika jembe kabla hajasikia wenzake. Bibi alisimama kando ya mfenesi akaita, "Mmeamkaa?" Mama akajibu, "Tumeamkaa." Baada ya hapo ndipo habari zilipovuka kibonde: nani ana homa, mbuzi wa nani amekata kamba, mashemeji wameelekea wapi. Sauti ya Bibi ilikuwa nyembamba, lakini ilipenya kama sindano. Kilima kizima kilijua kwetu tumekula nini.

Mimi sauti yangu haikuvuka hata uwanja. Shuleni mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akinifuata mpaka kwenye dawati ndipo asikie jibu langu, na nilipomaliza la saba bado alikuwepo mwalimu mwingine akifanya vivyo hivyo. Bibi ndiye aliyenipa jina la Kimya, na likanishika.

Msimu mmoja Mama alikwenda Mbuchi, kwa dada yake, kusaidia kuvuna mpunga wa kule deltani. Nikabaki peke yangu. Asubuhi Bibi akaita, nikaitika. Akaita tena, nikaitika tena. Baadaye nilikuwa natwanga, nikamwona anatokea kwenye migomba na koti lake na fimbo yake, anapumua kwa taabu. Alinitazama kwa muda akiwa ameshika kiuno.

"Kumbe uko hai," alisema. "Nimekuita mpaka nyani wameitika."

Akakaa kwenye kinu kilicholala, akanywa maji. Kisha akaniambia kwamba kwa kuwa Mungu hakunipa koo, basi nimpe moshi. Nikiamka nikoleze moto, nitupie majani mabichi. Yeye atauona, naye atatoa wake. Tangu siku hiyo, Mama asipokuwepo, mimi na Bibi tulisalimiana kwa moshi. Nilitupa majani ya mgomba motoni, moshi ukapanda mzito, halafu ng'ambo kwenye jiko lake ukapanda mwingine. Wakati mwingine wake ulitangulia, nikajua leo nimechelewa na nitasemwa.

Watu walidhani Bibi alikaa kule juu kwa sababu hapendi watu. Mwenyewe alisema hivyo. Zama zile za kuhamishiwa vijijini, yeye na mumewe walishushwa wakapewa kiwanja kando ya barabara. Mambo yalipolegea, wao ndio waliotangulia kurudi, mume akiwa amebeba mlango wa nyumba kichwani. Nilimwuliza barabarani palikuwa na ubaya gani. Alifikiri, halafu akasema kule nyumba zilibanana, usiku alimsikia kila jirani akikohoa. "Sasa mtu anakohoa, nawe umelala. Utaamka umwendee? Huyu wa kulia, na yule wa kushoto, na yule mtoto wa nyuma? Sikulala miaka yote ile." Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwakimbia watu kwa kuwachukia.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, mwanamume, mfanyabiashara wa ufuta na mpunga Ikwiriri. Alikuwa mtu mzuri. Alikuja kwa pikipiki mpaka Mtawanya, akaiacha kwa watu, akapanda kwa miguu na sukari na mafuta ya taa mkononi. Lile koti lilitoka kwake. Kila alipokuja alimwomba mama yake washuke pamoja.

"Mama, chumba chako kipo. Kina hata dari."

"Dari ya nini? Kuna kitu nakificha juu?"

Walizungumza hivyo mwaka baada ya mwaka na ilikuwa kama mchezo. Kisha mzee mmoja wa kitongoji cha pili, aliyekuwa akiishi peke yake, alifariki ndani ya nyumba yake na hakuna aliyejua. Walipomkuta, maiti ilikuwa imeshaharibika hata kuiosha ilikuwa shida. Habari zikafika Ikwiriri. Yule mwana alikuja hata sukari hakubeba. Alikaa uani kwetu, si kwa mama yake, akamwambia Mama kwamba mengine yote anaweza kuyavumilia, lakini hawezi kuja kuambiwa mama yake amelala siku nyingi bila kuoshwa na kuswaliwa. Mama akamweleza habari ya moshi. Akamwonyesha kwa kidole jiko lile la ng'ambo. Asubuhi yoyote moshi ule usipoonekana, sisi tutakuwa tumeshafika kule kabla umande haujakauka. Yule mwana alitazama ng'ambo. Akakubali. Moshi ukionekana, mama yake akae. Ukikosekana hata mara moja, atamshusha.

Tangu hapo moshi ule haukuwa salamu tu. Ndio uliokuwa unamweka Bibi kilimani, na yeye alijua.

Mpunga ulipoanza kukomaa mwaka uliofuata, Bibi aliacha kuita asubuhi. Alituma neno kwamba koo limekauka kwa kuwatukana mashemeji. Hatukuwa na wasiwasi, maana moshi ulipanda kila asubuhi, mweupe na mwembamba, wala haukuchelewa. Mama ndiye aliyesema baadaye kwamba ulikuwa umenyooka mno. Moshi wa mtu anayepika hukatika, huzidi, hupungua. Ule ulikuwa kama kamba.

Tulitengeneza pepeta, mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, nikampelekea yake ndani ya kikapu kidogo. Nilipofika nilipita jikoni kwanza. Hapakuwa na sufuria wala maji. Palikuwa na makumbi ya nazi yamepangwa mstari mrefu, moja linagusa jingine, kuanzia mafigani mpaka karibu na mlango wa nyumba. Moto ulikuwa unatembea wenyewe polepole, unamaliza kumbi hili na kushika lile. Nyuma yake palikuwa na mstari wa majivu, na pembeni mstari mwingine wa zamani, na mwingine.

Alikuwa kitandani chini ya koti, anatetemeka, ngozi inaunguza. Kila jioni alijikokota jikoni akapanga makumbi ya kesho, akarudi kulala. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alifumbua macho.

"Moshi umeuona?" aliniuliza.

Nikasema nimeuona.

"Basi rudi kwenu."

Sikurudi kukaa. Nilimnywesha maji, nikashuka kibonde mbio nikamwita Mama, na Mama akamtuma mtu aliyekuwa anakwenda Ikwiriri. Kesho yake mwana akafika na dawa za malaria. Alimhudumia mama yake mwenyewe, akampikia uji mwenyewe, na uji uliungua. Bibi alipopata nguvu ya kuusema ule uji kwa ubaya, tulijua amepona.

Hapo ndipo mwana alipokwenda jikoni akafuata ile mistari ya majivu kwa ncha ya kiatu, mwanzo mpaka mwisho. Aliporudi hakupaza sauti.

"Mama, umenidanganya kwa makumbi."

"Nimekudanganya nini?" Bibi alijibu. "Moshi ulisema niko hai. Sikuwa hai?"

Mwana hakucheka. Alisema kesho watashuka. Akaukunja mkeka, akatoa kinu nje, akawafunga kuku miguu akawalaza kivulini. Mama hakumzuia, kwa sababu yeye ndiye aliyeutolea ushahidi ule moshi. Mimi nilimtazama Bibi nikingoja amgeuzie mwanawe maneno. Alikwenda jikoni taratibu, akachagua kaa, akaliweka ndani ya kumbi, akamkabidhi Mama. "Kaeni nao," alisema. Ni mara ya kwanza nilimwona anatoa moto badala ya kuuomba.

Sijui nilivyoanza. Nilijikuta nimesema kwamba moshi unaweza kupangwa usiku, lakini kuita hakupangwi. Bibi aite kila asubuhi, mimi nitaitika, na nisipomsikia nitakwenda. Mama siku nyingine husafiri, mimi nipo. Nilisema nikiitazama miguu ya kuku. Mwana akaniambia nirudie, hakusikia. Nikarudia. Akamgeukia mama yake kumwuliza kama huyu binti ana sauti.

"Huyu?" alisema Bibi. "Huyu hata kuku hawamsikii akiwatupia mtama."

Ndivyo alivyokuwa. Hata shingo yake mwenyewe ilipokuwa kitanzini hakuweza kuuacha utani. Mwana alinifikiria, kisha akasema sawa. Leo atalala hapa. Kesho asubuhi mama yake ataita, na yeye mwenyewe atasimama kando ya mfenesi. Akinisikia nikiitika kutoka kwetu, atafungua kuku. Asiponisikia, wanashuka.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Kibonde chote kilikuwa kimejaa, migomba haionekani, na ng'ambo ulionekana mfenesi peke yake kama umesimama juu ya maji. Nilisimama ukingoni mwa uwanja. Mama alikuwa nyuma yangu na hakunigusa.

"Kimyaaa, umeamkaa?"

Sauti ya Bibi ilikuwa na ugonjwa bado. Nikaitika. Niliisikia sauti yangu ikiingia kwenye ukungu na kuishia humo humo.

"Kimyaaa, umeamkaa?"

Nikaitika tena, ikawa vile vile. Niliwaza anavyokunjiwa koti lake ndani ya kikapu. Niliwaza amelala Ikwiriri chini ya dari, upande huu mtu anakohoa na upande ule mtu anakohoa, naye macho wazi. Akaita mara nyingine, na safari hii sauti ilikwaruza katikati ikakatika. Nikafumba macho.

"Nimeamkaaa, mke mwenzaaa!"

Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, waliruka kutoka kwenye migomba. Koo liliniuma kama nimemeza mwiba. Ng'ambo nikasikia kicheko cha mwanamume, kicheko cha mtu ambaye hakutarajia kucheka siku hiyo. Nikajua amesikia, na amesikia pia namna nilivyomwita mama yake. Nilitamani ukungu unifunike.

Kisha Bibi akaita. "Sijasikia vizuri. Rudia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Nilirudia. Mama alikaa chini palepale kwenye umande akacheka mpaka akalia, na ng'ambo tukaanza kusikia kuku waliofunguliwa wakigombana.

Tuliitana hivyo mpaka nilipoolewa. Niliolewa Mbuchi, alikovunia Mama mpunga. Kule nchi imelala. Maji ya bahari yanaingia mpaka nyuma ya nyumba, yanatoka, mikoko inabaki na mizizi wazi, na jirani yuko karibu kiasi kwamba ukitaka kumsalimu unainua kichwa tu. Ni watu wema. Lakini asubuhi za kwanza niliamka nikasimama uani bila kujua nangoja nini, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilirudi kilimani mtoto wangu wa kwanza alipoanza kukaa. Tulifika magharibi imekwisha kuingia, nikalala kwa Mama bila kuvuka kibonde. Mama aliniambia Bibi yupo, macho yamefifia, shamba limepungua mpaka karibu na nyumba. Mwanawe hupanda kila mara na hamwambii tena habari ya dari. Tuta la muhogo la upande wa msituni Bibi ameliacha vile vile.

Asubuhi nilikuwa namnyonyesha mtoto niliposikia.

"Kimyaaa, umeamkaa?"

Sauti ilikuwa imepungua, lakini bado inapenya. Nilidhani mtu amemwambia nimekuja. Mama akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaweka ufagio chini, amesogea ukingoni, tayari kujibu. Akanieleza kwamba huita hivyo kila siku. Anajua niko Mbuchi, hajapotewa na akili. Anaita jina langu, Mama anaitika badala yangu, halafu Bibi anauliza hali yangu kule, Mama anasema mzima, na hapo ndipo anaposhika jembe.

Nikampa Mama mtoto. Nikasogea mpaka ukingoni, mahali pale pale.

"Nimeamkaaa!"

Jembe la mtu mmoja wa bondeni lilikuwa likilima, nikalisikia limesimama. Nilitazama jikoni kwake, na hapo nikaona kwamba hapakuwa na moshi. Kando ya mfenesi palikuwa na kitu cheusi chenye vifungo vinavyong'aa, kimeshika fimbo, hakitikisiki.

"Umechelewa," Bibi alisema mwishowe. "Moto umelala. Niletee."

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshaweka kaa ndani ya kumbi. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikalipokea, nikashuka kibondeni nikilipuliza.